Munkoyo haulegei, mkate unanata: kutafuta kosa la amilazi, kutoka sufuria ya nyumbani hadi tangi la sharubati

Mwiko umesimama wima katikati ya sufuria. Uji umepikwa saa nzima, mizizi ya munkoyo, kinywaji chetu cha uji wa mahindi unaolegezwa na kutiwa utamu kwa mizizi, imeshatiwa, nusu saa imepita, na uji haulegei, unazidi kuganda. Jirani anashauri: ongeza mizizi. Ushauri huo umewapotezea watu wa Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, mizizi mingi na makaa mengi. Amilazi, kimeng'enya kinachokata wanga, ikipata mazingira yake hufanya kazi kubwa kwa kiasi kidogo. Ikikwama, karibu kila mara ni moja kati ya mambo manne: joto limeiua, wanga haukuiva, joto lipo chini mno kwa muda uliopewa, au uchachu umewahi kuingia. Kuongeza mizizi au kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) hakuondoi hata moja. Tafuta kwanza ni lipi kati ya hayo, ndipo utie mkono.

Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, wenye matawi. Amilazi ya alfa hukata mnyororo huo katikati, popote inapofika, na ndiyo inayolegeza uji ndani ya dakika chache. Amilazi ya beta huanzia mwishoni mwa mnyororo na kung'oa glukosi mbilimbili, yaani maltosi. Hiyo ndiyo inayoleta utamu. Mizizi ya munkoyo wa kwetu, inayochimbwa kwenye mimea ya jamii ya kunde kama Rhynchosia na Eminia, ina vyote viwili. Kimea cha nafaka pia kinavyo, kwa viwango tofauti. Wafaransa Payen na Persoz walikitenga kimeng'enya hiki kutoka kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833 na kukiita diastazi, lakini mwanamke anayetwanga munkoyo anatumia elimu ileile bila chupa wala jina la kigeni.

Kipimo cha iodi: kifanye kabla ya kubahatisha

Nunua chupa ndogo ya iodi farmasini. Hata ile dawa ya vidonda yenye povidoni inafaa. Tia tone moja katika matone kumi ya maji, mpaka rangi ifanane na chai hafifu. Chota kijiko cha kinywaji au uji, kichuje kwa kitambaa, weka kimiminika kwenye sahani nyeupe, kisha subiri kipoe kabisa. Hapo ndipo wengi wanakosea: kwenye sampuli ya moto rangi ya buluu hupotea hata kama wanga umejaa, nawe ukadhani kazi imekwisha. Kikishapoa, dondosha iodi.

Buluu nzito inayokaribia weusi inaonyesha wanga mzima, kimeng'enya hakijagusa kitu. Zambarau ikielekea wekundu wa kahawia inaonyesha wanga umekatwa vipande vya kati. Rangi ya chai ikibaki vilevile, wanga umekwisha. Usipime machicha, kwa sababu chembe za unga hubaki buluu hata pale kimiminika kikiwa safi. Sampuli iliyotiwa iodi imwagwe.

Kipimo hiki cha dakika tano kinatofautisha matatizo mawili yanayofanana kwa macho. Uji mzito wenye buluu ya kutisha ni kosa la kimeng'enya. Kinywaji chepesi kisicho na buluu lakini kisicho na utamu ni kosa la aina nyingine kabisa.

Uji haulegei, iodi inaonyesha buluu

Anza na joto, kwa sababu ndilo kosa la kila siku. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Uji mzito uliotolewa kwenye mbabula (jiko la makaa) hukaa juu ya nyuzi 80 kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani: juu unaona utando umeshikana na mvuke umepungua, lakini ukizamisha kipimajoto katikati unakuta 82. Mizizi ikiingia hapo, amilazi yake inakufa ndani ya dakika chache, na kimeng'enya kilichokufa hakifufuki uji ukipoa. Lenga nyuzi 55 hadi 60.

Kipimajoto cha jikoni kinajilipa mapema. Asiye nacho atumie hesabu ya maji. Lita 5 za uji wa nyuzi 90 zikikorogwa na lita 4 za maji ya nyuzi 20 hutua karibu na nyuzi 59. Maji yaliyolala nje usiku wa Julai, yakiwa na nyuzi 14, yataushusha hadi 56, na bado uko salama. Maji hayo yawe yamechemshwa na kupozwa mapema, maana baada ya hapo kinywaji hakitachemshwa tena.

Kwa sufuria moja anzia hivi: maji lita 5, unga wa mahindi kilo 1, upikwe saa nzima tangu uanze kutokota, huku ukikoroga mpaka chini. Epua, tia lita 4 za maji baridi, koroga mpaka mabonge yote yavunjike. Mizizi mikavu gramu 200 iwe imeshatwangwa mpaka nyuzi zake zimeachana kama kamba iliyofumuliwa, na imelowekwa kwa maji ya vuguvugu. Tia mizizi pamoja na maji yake, kwa sababu kimeng'enya kimeshatoka kwenye nyuzi na kiko ndani ya maji. Mtu anayemwaga maji ya kulowekea na kutia nyuzi tupu amemwaga amilazi yenyewe. Kila kitu kikiwa sawa, mwiko unaanza kwenda wepesi ndani ya dakika 10 hadi 20, na uji unabadilika kutoka weupe mzito kuwa kama maziwa.

Kama joto lilikuwa sawa na bado uji umesimama, angalia upishi. Chembe ya wanga mbichi imefungamana, na kimeng'enya hupata shida kuingia ndani yake. Wanga wa mahindi huvimba na kufunguka kati ya nyuzi 62 na 72 hivi, wa mtama juu kidogo ya hapo, wa muhogo chini kidogo. Uji uliotokota dakika kumi tu, tena wenye mabonge, una wanga mkavu katikati ya kila bonge. Vunja bonge moja kwa kidole: ukikuta unga mweupe mkavu ndani, chanzo umekipata. Dawa ni kuurudisha motoni, kuupika upya, na kutia mizizi mipya ukishashuka chini ya 60. Ile ya kwanza itakufa, hakuna jinsi.

Sababu nyingine, nje ya zile nne za mwanzo, ni mizizi yenyewe. Iliyokaa kwenye gunia lenye unyevu ikaota ukungu haifai, iache. Iliyokauka vizuri hukaa muda mrefu, lakini nguvu hutofautiana kati ya mchimbaji mmoja na mwingine, na wakati mwingine fungu la sokoni huchanganywa mizizi ya mimea mingine. Pima fungu jipya kabla ya kulitia kwenye sufuria kubwa. Weka uji mzito ulioiva, wa nyuzi 55, katika glasi mbili. Ya kwanza itie kijiko cha maji ya mizizi, ya pili itie kijiko cha maji matupu. Zifunike na uziweke ndani ya beseni la maji ya moto. Baada ya nusu saa inamisha glasi zote mbili. Kama zinamwagika sawasawa, mizizi hiyo haina kitu. Na nunua kwa muuzaji anayejua alikochimba: mzizi wa porini usiojulikana unaweza kuwa sumu, na utamu hauthibitishi usalama.

Umelegea, lakini si mtamu

Iodi haionyeshi buluu, uji unatiririka, ulimi hauoni kitu. Hapa alfa ilifanya kazi, beta ilikufa au ilinyimwa muda. Beta ni dhaifu zaidi mbele ya joto: kwenye kimea cha shayiri, nyuzi 70 huimaliza upesi, ilhali alfa bado inakata. Kwa hiyo anayetia mizizi au kimea kwenye nyuzi 70 hupata kinywaji chepesi cha vipande virefu visivyo na utamu. Shuka hadi 55–60, funika sufuria kwa blanketi au gunia, acha saa moja hadi mbili bila kufunuafunua.

Jambo jingine ni matarajio. Maltosi ina utamu wa theluthi hadi nusu ya sukari ya mezani. Munkoyo uliofanikiwa ni mtamu wa upole, na anayeulinganisha na soda ataendelea kutafuta kosa lisilokuwepo. Kimea cha mtama nacho kwa kawaida kina beta kidogo kuliko cha shayiri. Kutaka utamu uleule kwa mtama peke yake ni kuuonea mtama.

Ulikuwa mtamu jioni, asubuhi umechacha

Baada ya amilazi kutoa sukari, bakteria wa asidi ya laktiki (kama wanaochachusha maziwa) na chachu hula sukari hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya usiku, na ndiyo inayoupa munkoyo ladha yake. Tatizo ni kasi. Oktoba, mchana ukipita nyuzi 30, saa 12 zinatosha kuufanya mkali. Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, kinywaji kilekile kinaweza kuhitaji siku mbili. Anayefuata saa badala ya ulimi atakosea nusu ya mwaka. Onja kila baada ya saa chache, chuja mapema siku za joto, weka bidoni (dumu la plastiki) kwenye beseni la maji. Usiutegemee friji peke yake kama umeme wa mtaani kwako hukatika.

Uchachu ukiwahi kuja kabla wanga haujaisha, utaona mambo mawili pamoja: ukali mdomoni na buluu kwenye iodi. Amilazi hizi hufanya kazi vizuri kwenye pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ya 5 hadi 6 hivi; chini ya 4 huzorota au kusimama. Chanzo ni kuacha uji kwenye nyuzi 30–40 saa nyingi, kwa kuogopa kuua mizizi. Huko bakteria wanakimbia, kimeng'enya kinatambaa. Chanzo kingine ni bidoni isiyooshwa vizuri, yenye utando wa munkoyo wa juzi kwenye shingo. Isugue kwa brashi, suuza kwa maji yanayochemka, iache ikauke ikiwa imepinduliwa.

Ukivimbisha chupa, ukatoa harufu ya kuoza au utelezi kama kamasi, mwaga. Hakuna marekebisho ya hapo.

Kimea hakina nguvu

Hesabu punje 100, zilowe, ziote kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chini ya 90, nafaka ni kuukuu au ilikaushwa kwa moto mkali, tafuta nyingine. Usitumie kamwe mbegu za kupandia zilizopakwa rangi nyekundu au ya waridi: rangi hiyo ni alama ya dawa ya ukungu au wadudu.

Loweka saa 16 hadi 24 ukibadilisha maji mara mbili, tandaza unene wa vidole viwili, nyunyiza maji asubuhi na jioni, pindua ili katikati pasipate joto. Siku tatu au nne zinatosha wakati wa joto. Ukiwahi siku ya pili, kimeng'enya bado hakijajengeka. Ukingoja siku ya saba, mche umeshakula wanga wako. Kausha juani kwa tabaka jembamba. Kukausha juu ya bati lenye moto chini ndiko kunakoua kimea kingi: kinatoka chekundu kidogo, kinanukia vizuri, hakilegezi kitu.

Kuhusu mtama, hili lisirukwe. Chipukizi na vimizizi vya mtama hubeba durini, ambayo hutoa sianidi. Kausha vizuri, sugua mikononi, pepeta mpaka vimizizi na machipukizi yote yaondoke, ndipo usage. Ulezi na mahindi hayana shida hiyo. Na kimea cha nafaka yoyote kilichoota ukungu wa kijani au mweusi kitupwe, maana sumu ya ukungu, aflatoksini, haiondoki kwa kuchemsha.

Uji wa mtoto

Hapa amilazi inafanya jambo tunalolithamini kuliko vinywaji vyote. Tumbo la mtoto ni dogo. Mama akiongeza maji ili uji umezeke, anampa maji mengi na chakula kidogo. Gramu 100 za unga katika nusu lita ya maji ni uji mzito wa kushinda kijiko. Upoe hadi nyuzi 65 hivi, tia kijiko cha chai cha kimea cha ulezi au mahindi, koroga, subiri dakika 5 hadi 10. Utalegea bila kuongezwa maji, chakula kikiwa kilekile. Kisha urudishe motoni uchemke dakika tano, kwa sababu kimea kilichoota kwenye kitambaa kibichi kina vijidudu.

Ukiganda tena ukipoa, kimea kilikuwa kidogo au ulirudisha motoni mapema mno. Ukilegea hadi kuwa maji, punguza hadi nusu kijiko. Kwa watoto usitumie kimea cha mtama. Na aliye chini ya miezi sita hahitaji uji, ananyonya.

Mkate

Mkate mweupe juu, mdogo, unaokauka kesho yake: amilazi ni pungufu, chachu imekosa sukari ya kula na ganda limekosa ya kuchoma. Mkate wenye ganda jeusi mapema, ndani unanata, kisu kinatoka na utando, ubavu umeingia ndani: amilazi imezidi, mara nyingi kwa sababu ngano iliota shambani. Wenye maabara hupima kwa sekunde za kuanguka kwa fimbo ndani ya uji wa unga: karibu 250 ni unga mzuri wa mkate, chini ya 150 unga umeota, juu ya 350 unahitaji msaada. Msaada huo ni gramu 2 za unga wa kimea cha shayiri kwa kilo, ukipanda taratibu. Amilazi ya kuvu, Aspergillus oryzae, huwafaa waokaji kwa sababu hufa mapema ndani ya tanuri, kabla haijageuza utumbo wa mkate kuwa gundi. Ile ya bakteria inayovumilia moto haifanyi hivyo. Anayetumia poda ya kiwanda cha sharubati kwenye donge atapata mkate wa kunata hata kwa kiasi kidogo.

Ukichanganya unga wa muhogo, elewa kwamba kimeng'enya hakirudishi gluteni (protini ya ngano inayoushika mkate) iliyopungua. Mkate ukibaki bapa, punguza muhogo.

Sharubati ya glukosi kutoka muhogo

Hapa kuna hatua mbili zenye tabia mbili, na matatizo mengi hutokana na kuzichanganya. Kwanza wanga gramu 300 hadi 350 kwa kila kilo ya mchanganyiko, pH 5.8 hadi 6.2, amilazi ya Bacillus licheniformis, nyuzi 90–95. Kwa tangi la wazi hapa kwetu huwezi kuvuka 96, kwa hiyo ongeza muda badala ya kuutafuta moto usiokuwepo. Kisha poza hadi 60, shusha pH hadi 4.3–4.5, tia glukoamilazi (kimeng'enya kinachomalizia vipande kuwa glukosi), acha saa 24 hadi 72.

Ukiona mawingu meupe yasiyochujika, wanga ulipoa kabla ya kukatwa vya kutosha ukajifunga upya. Rudisha joto na amilazi ya kwanza. Rangi ya kahawia hutokana na pH ya juu au kuungua kwenye kuta. Utamu ukipanda, ukasimama, kisha ukashuka, umeacha glukoamilazi ikae mno: ikikosa kazi huanza kuunganisha glukosi upya. Chemsha mara utamu unapofika kilele. Kama hatua ya pili haiendi kabisa, pima pH kabla ya kumlaumu muuzaji wa poda.

Vyombo, maji, poda

Maji ya visima vingine yana chokaa. Kalsiamu hiyo inaimarisha amilazi za alfa nyingi, ila maji magumu sana hupandisha pH. Shaba ni kinyume: huzuia amilazi, na kinywaji kichachu huila kutoka kwenye chombo na kuipeleka tumboni. Katika mji huu wa shaba, tumia chuma kisichoshika kutu, enameli, udongo au plastiki ya chakula. Pipa la buluu lililotoka migodini likiwa lilibeba asidi au kemikali haliwi la munkoyo, hata lioshwe mara ngapi.

Poda ya kimeng'enya ihifadhiwe ikiwa imefungwa, kavu, mbali na tanuri. Iliyoganda mabonge imeshanywa unyevu na nguvu yake haitabiriki. Mfuko ufunguliwe taratibu, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa, upepo ukitoka upande wako. Vumbi la amilazi ya kuvu husababisha pumu kwa waokaji, na dalili zake, kikohozi na kubanwa kifua siku za kazi kunakopungua siku za mapumziko, zinapaswa kumpeleka mtu kwa daktari mapema.